Imo, ipo, iko: sarufi ya kutafuta hitilafu ya modemu Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Makala hii inahusu sentensi moja fupi inayosikika kila siku kusini mwa Maniema: Rezo haiko. Mwalimu huisema anaposhindwa kutuma ripoti ya shule, muuguzi huisema anaposhindwa kupeleka takwimu za wiki, na mwanafunzi huisema anapokosa kupakua somo. Fundi akiisikia kwenye simu hajui bado aanzie wapi, kwa sababu sentensi hiyo inaweza kuwa na maana nne, na kila maana ina dawa yake.

Jambo hili lina gharama. Anayekosea kusema tatizo lilipo hununua mega nyingine ilhali za kwanza bado zimo. Mwingine hupanda pikipiki kutoka Kabambare hadi Kasongo kumpelekea fundi modemu ambayo ni nzima kabisa, kumbe kilichokufa ni batri iliyobaki nyumbani. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na ripoti haijaenda.

Hoja yangu ni kwamba Kiswahili chetu kina vifaa vya kisarufi vinavyoweza kupunguza hasara hiyo: viambishi vya mahali -mo, -po na -ko, kauli za kutendeka na kutendwa, pamoja na viambishi vya wakati na mazoea. Tukivitumia kwa makini, tunaweza kujua hitilafu iko upande gani kabla ya kufungua skrubu hata moja. Sentensi ninazozichambua nilizisikia Kasongo mjini na Kabambare kwa watu waliokuwa na modemu mbele yao. Maneno yaliyotoka Kifaransa nimeyaandika kama yanavyotamkwa.

2. Neno rezo na mizigo yake minne

Rezo limetokana na neno la Kifaransa réseau. Katika Kiswahili cha Kongo limeingia ngeli ya 9 kama nomino nyingine nyingi za mkopo: rezo inasumbua, rezo imepotea, rezo ya kampuni fulani. Kukopa si jambo geni Kasongo. Mji huu ulikuwa makao ya Tippu Tip na watu wake katika karne ya 19, na Kiswahili chenyewe kilifika huku kwa njia ya biashara ya pwani, kikakaa pamoja na Kizimba, Kikusu, Kibangubangu na lugha nyingine za wenyeji. Baadaye utawala wa Kibelgiji uliongeza tabaka la Kifaransa. Kwa hiyo siwalaumu wasemaji kwa kukopa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba neno moja limepewa kazi nne:

(a) Wai-fai, yaani mawimbi mafupi kati ya modemu na simu au kompyuta ndani ya nyumba;
(b) mawimbi kati ya modemu na mnara wa kampuni, ambao wengi wetu tunauita antene;
(c) njia inayotoka kwenye mnara kwenda kwenye intaneti ya dunia;
(d) haki ya kutumia njia hiyo, yaani mega ulizonunua. Mtu asiye na mega naye husema, "Leo sina rezo."

Msomaji wa Dar es Salaam angetumia maneno mengine: mtandao, bando, laini, vocha. Ndiyo maana maelezo ya matengenezo yaliyoandikwa Tanzania humkwaza mtu wa Kasongo. Akisoma "hakiki laini yako", anaweza kufikiri anaambiwa aangalie waya, kumbe anaambiwa aangalie kadi ya sim. Hata hivyo, mtandao wa Dar es Salaam nao hubeba mizigo ileile minne. Kubadilisha neno hakutoshi. Tunahitaji maswali yanayolipasua neno hilo vipandevipande.

3. Maswali matatu ya mahali

Kiswahili sanifu kina viambishi vitatu vya mahali. -mo huonyesha kuwa kitu kimo ndani ya kingine. -po huonyesha mahali mahususi, hapa tulipo au pale tunapopajua. -ko huonyesha mahali pasipo dhahiri au pa mbali. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kongo, iko imechukua nafasi kubwa: husemwa modemu iko muzima, chakula iko tayari, niko na simu. Hapo iko inafanya kazi ya kitenzi kishirikishi, na tofauti ya mahali imefifia. Sipendekezi kuikataza matumizi hayo. Napendekeza kwamba wakati wa kutafuta hitilafu tuzirudishe -mo na -po kazini, kwa mpangilio huu: kwanza kilichomo, pili kilichopo, tatu kilichoko.

3.1 Imo? Zimo?

Swali la kwanza ni la ndani: kuran imo? Sim imo? Mega zimo?

Tuanze na kuran, yaani umeme. Nyumba nyingi za kwetu hutegemea pano la jua na batri, kwa hiyo taa ya modemu kuwaka si ushahidi wa kutosha. Batri dhaifu inaweza kuwasha taa, lakini modemu inapoanza kurusha mawimbi huhitaji nguvu zaidi. Volti zinashuka, modemu inajizima na kuanza upya. Mwenye nyumba huona taa zikiwaka, zikizima, zikiwaka tena, akasema rezo inacheza. Kumbe rezo haijahusika. Kwa mwenye kipimo cha umeme, batri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6 au 12.7, ikisoma chini ya 12 imekwisha sehemu kubwa. Usipime wakati pano linachaji, kwani wakati huo kipimo kinaweza kupanda hadi zaidi ya 14 na kukudanganya.

Soma pia maandishi yaliyo chini ya modemu. Kuna modemu za volti 5 na za volti 12, na plagi zake zinaweza kufanana. Volti za adapta zilingane na zilizoandikwa. Ampea za adapta zinaweza kuwa sawa au zaidi, zisiwe pungufu.

Kuhusu sim, itoe, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe kwa upande uliochorwa kwenye tundu lake. Kisha jaribu kuiweka kwenye simu. Ikifungua ukurasa wa intaneti humo, basi mega zimo na sim ni nzima. Mega nazo zina mipaka miwili, kiasi na muda. Mega zimeisha ni tofauti na muda wa mega umeisha: katika hali ya pili, hesabu ya jana usiku ilionyesha nyingi, na asubuhi hazipo tena ingawa hukuzitumia.

3.2 Ipo hapa?

Swali la pili ni la mahali tulipo, nalo lina sehemu mbili.

Kwanza, wai-fai ipo hapa chumbani? Angalia kama simu inaona jina la modemu na kama inaungana nayo. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalijui: fungua kivinjari, andika anwani ya modemu yenyewe iliyo kwenye kibandiko chake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Ukurasa huo unatoka ndani ya modemu, hauhitaji mega wala mnara. Ukifunguka, wai-fai haina kosa, na tatizo liko mbele zaidi. Usipofunguka ilhali simu inasema imeungana, zima wai-fai ya simu na uiwashe tena, au jaribu simu nyingine.

Pili, mawimbi ya mnara yapo hapa? Mabati huzuia mawimbi, na kuta nene za matofali huyapunguza. Modemu iliyowekwa katikati ya nyumba chini ya bati inaweza kupata kijiti kimoja, na hiyohiyo ikiwekwa dirishani upande wa mnara ikapata vitatu. Wakati mwingine kuisogeza nusu mita kunatosha. Hapa ndipo -po inapoonyesha thamani yake. Anayesema rezo haiko ameufunga mjadala. Anayesema rezo haipo hapa ameacha mlango wazi: huenda ipo pale dirishani.

3.3 Iko?

Swali la tatu ni la mbali: njia ya kwenda duniani iko? Watu wengi huchanganyikiwa hapa, kwa sababu vijiti vimejaa na bado hakuna kitu kinachofunguka. Vijiti hupima jambo moja tu, nguvu ya mawimbi kati ya modemu na mnara. Havisemi lolote kuhusu safari inayofuata. Mnara wa mbali na miji huunganishwa na ulimwengu kwa redio za masafa marefu au kwa setilaiti, na kiungo hicho kikikatika mnara unabaki unarusha mawimbi mazuri yasiyokwenda popote. Kwa lugha ya viambishi vyetu: rezo ipo, lakini haiko.

Kipimo chake ni jirani. Muulize mwenye kampuni ileile aliye karibu na mnara uleule. Naye akikwama, weka modemu chini na usubiri. Ukiwa wewe peke yako uliyekwama, rudi kwenye swali la kwanza.

Kuna kituo kinachotumia setilaiti moja kwa moja, kwa mfano cha parokia au cha shirika la misaada? Hapo ucheleweshaji mwingine si hitilafu. Setilaiti zinazoonekana kusimama angani ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka, jumla kilomita 144,000 hivi, ambazo mawimbi huzimaliza kwa takriban nusu sekunde. Hakuna fundi anayeweza kuifupisha safari hiyo.

4. Imekatika au imekatwa?

Kiambishi cha kauli nacho ni kidokezo. Kata hutoa katika katika kauli ya kutendeka na katwa katika kauli ya kutendwa. Imekatika inaeleza hali bila kumtaja mtendaji. Imekatwa inadai kuna mtendaji, hata asipotajwa. Wasemaji wengi hutumia yoyote kati ya hizo mbili, lakini kwa anayetafuta hitilafu tofauti ni kubwa. Kilichokatika huungwa. Kilichokatwa huhitaji aliyekata akirudishe.

Wakongo tuna mfano usiosahaulika. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, intaneti ilifungwa nchini kwa amri ya serikali, na haikurudi hadi baada ya siku zipatazo 20, mnamo Januari 2019. Wakati ule, kuwasha na kuzima modemu kulikuwa kazi bure. Kitenzi sahihi kilikuwa katwa. Katika maisha ya kawaida, -wa inahusu pia sim iliyofungiwa na kampuni kwa kutosajiliwa, au modemu iliyofungwa isipokee sim ya kampuni nyingine. Dalili ya kutendwa ni ujumbe: mara nyingi mtendaji huacha maandishi kwenye skrini au kwenye sim. Kabla ya kulaumu waya, soma ujumbe.

Kuna pia maana ya pili ya kauli ya kutendeka, ile ya uwezekano. Ukurasa haufunguki maana yake haukubali kufunguka. Muulize msemaji: kurasa zote hazifunguki, au huu mmoja tu? Ukiwa mmoja, modemu haina kosa. Na kama kompyuta ya zamani inakataa kurasa nyingi kwa onyo la usalama, tazama tarehe yake. Batri ndogo ya ndani ikifa, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi, nazo kurasa zenye ulinzi hukataa mgeni anayetoka mwaka mwingine. Rekebisha tarehe, zitafunguka.

5. Imekatika, inakatikakatika, inakatikaga

Wakati na mazoea hukamilisha picha. Linganisha:

(i) Rezo imekatika. Tukio moja lenye matokeo hadi sasa. Uliza: nini kilibadilika kabla ya hapo? Mvua? Mtoto alivuta waya? Mega zilifika mwisho?

(ii) Rezo inakatikakatika. Uradidi wa shina huonyesha tendo linalorudiarudia kwa muda mfupi. Shuku kitu kilicholegea au kilicho dhaifu: plagi, waya, batri, mawimbi ya mpakani.

(iii) Rezo inakatikaga. Kiambishi -ga mwishoni mwa kitenzi, kinachosikika katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, huonyesha mazoea, kama hu- ya Kiswahili sanifu: hukatika. Uliza saa. Ikikatikaga jioni, wakati watu wengi wamerudi nyumbani, mnara umeelemewa. Ikikatikaga alfajiri, batri yako imelala njaa usiku kucha ikisubiri jua.

Wanafunzi wa lugha tumezoea kusikia kwamba -ga ni kosa. Hapa inabeba habari ambayo fundi anaihitaji, na msemaji anayeambiwa aiache asipofundishwa hu- anapoteza habari hiyo. Nimemsikia mtu akijisahihisha mbele ya mgeni kutoka inakatikaga hadi inakatika, na kwa kujisahihisha huko akafuta kidokezo muhimu kuliko vyote.

6. Jozi pambanifu kama njia ya uchunguzi

Katika fonolojia tunathibitisha fonimu kwa jozi pambanifu: pata na bata zinatofautiana kwa sauti moja tu, kwa hiyo tunajua kwamba sauti hiyo ndiyo iliyobadili maana. Tukibadilisha sauti mbili kwa pamoja, hatujui ipi iliyofanya kazi.

Modemu hutaka nidhamu hiyohiyo. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo, kirudishe. Sim ileile katika simu nyingine. Modemu ileile katika batri ya jirani. Simu nyingine katika wai-fai ileile. Mtu anayehamisha modemu dirishani, akabadilisha sim na kununua mega kwa dakika moja, anaweza kufanikiwa, lakini wiki ijayo tatizo likirudi atalipia yote matatu tena.

Hata kuzima na kuwasha ni jaribio, ila lifanywe kikamilifu. Chomoa waya wa umeme, subiri nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani iishe, chomeka, kisha ipe dakika mbili au tatu ijitambulishe upya kwa mnara. Usiguse kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa sindano: hicho hufuta mipangilio yote, pamoja na nywila na jina la njia ya kampuni, na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

7. Mazungumzo ya mfano

Mazungumzo haya nimeyatunga ili yaonyeshe mpangilio wa maswali. Mwalimu yuko Kabambare, fundi yuko Kasongo. Wanaongea kwa simu ya kawaida.

Mwalimu: Fundi, mwanangu, rezo haiko tangu jana. Nikuletee modemu?
Fundi: Pole, mama. Ngoja kwanza, usipande moto. Imekatika mara moja, ama inakatikaga?
Mwalimu: Inakatikaga asubuhi. Jana ikakatika, haijarudi.
Fundi: Sawa. Taa zake zinawaka?
Mwalimu: Zinawaka, zinazima, zinawaka.
Fundi: Zote kwa pamoja?
Mwalimu: Zote.
Fundi: Mama, hapo kwa jirani kuna batri nzima? Chomeka modemu kule, usibadilishe kitu kingine.
(Baada ya robo saa.)
Mwalimu: Imetulia, mwanangu. Hata ripoti imepita.
Fundi: Basi modemu ni nzima, mama. Tafuta batri.

Ona kwamba fundi hakuuliza lolote kuhusu rezo. Kitenzi cha mazoea na neno zote vilimpeleka kwenye kuran, na jozi pambanifu moja ikathibitisha. Mama hakulipa nauli.

8. Hitimisho

Kwa kawaida tunapojadili Kiswahili na teknolojia, tunajadili istilahi: tuiteje modemu, tuiteje wai-fai. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini mtu aliyekwama Kabambare saa mbili usiku hakosi nomino. Nomino anazo, za Kifaransa na za kwetu. Anachohitaji ni vitenzi na viambishi vinavyotenganisha ndani, hapa na kule. Kilichokatika na kilichokatwa. Cha leo na cha kila siku. Napendekeza kozi zetu za sarufi zitumie mifano ya aina hii, na karatasi za maelekezo zinazobandikwa kwenye shule na vituo vya afya zianze kwa maswali matatu: Zimo? Ipo hapa? Iko?

Mazoezi

1. Eleza tofauti ya hatua utakazochukua ukiambiwa: (a) mega hazimo, (b) mawimbi hayapo hapa, (c) njia haiko.
2. Vijiti vimejaa, ukurasa wa modemu unafunguka, kurasa nyingine zote hazifunguki, na jirani wa kampuni ileile anasema hivyohivyo. Hitilafu iko wapi? Tumia kiambishi kimoja cha mahali kujibu.
3. Tunga sentensi mbili kwa kitenzi zima, moja katika kauli ya kutendeka na moja katika kauli ya kutendwa, zinazohusu modemu. Sema fundi atauliza nini baada ya kila moja.
4. Kusanya sentensi tano ambazo watu wa mtaa wako husema intaneti inapogoma. Kwa kila moja, taja ni maana ipi kati ya zile nne za rezo inayokusudiwa, na swali moja ambalo lingeithibitisha.